Bahari Ndiyo Iandikayo Orodha ya Chakula

Msafiri anayeshuka Dar es Salaam, awe ametoka Songea kwa basi au Milano kwa ndege, hukabiliwa na swali moja kabla hata hajautua mzigo wake vizuri: atakula nini, na atakula kwa nani? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake hubeba sehemu kubwa ya sifa ya mji. Mgeni husahau upesi urefu wa majengo aliyoyaona. Chakula alichokula, na mkono uliompakulia, huvisimulia kwa miaka.

Mji wetu uko ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga kasri lake hapa katika miaka ya 1860, mahali hapa paliitwa Mzizima, na wenyeji wake waliishi kwa jembe na kwa mshipi. Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba mgeni wa Dar es Salaam asiondoke bila kuonja samaki. Hali ilivyo ni tofauti. Wageni wengi huja, hukaa siku tatu, hula chipsi na kuku, kisha hurejea makwao bila kujua kwamba asubuhi ile ile, mwendo mfupi kutoka walipolala, ngalawa zilikuwa zikishusha changu na kolekole.

Wapo pia wale wanaokula samaki katika hoteli kubwa zenye orodha ndefu ya vyakula, ambamo kila aina ya samaki hupatikana kila siku ya mwaka, pepo ziwe za kusi au za kaskazi. Hao nao tunawahurumia kidogo. Orodha isiyobadilika kamwe haikuandikwa na bahari. Imeandikwa na jokofu.

Katika safu hii leo tunapenda kuizungumzia meza ya samaki ya namna nyingine, yaani ile inayoendeshwa na watu wa nyumba moja, baba, mama na watoto, wanaopika kile kilichopatikana siku hiyo na kuwalisha wapita njia. Meza hiyo tunayo ya aina mbili katika viunga vya mji wetu. Moja ni ya Kiitaliano, na nyingine ni ya kwetu wenyewe. Ya kwanza husifiwa, hupigwa picha na kulipiwa fedha nyingi. Ya pili hufanya kazi ile ile, na mara kwa mara huamriwa kuhama. Hapo ndipo penye shauri tunalotaka kulitoa.

Waitaliano si wageni kabisa katika mwambao huu. Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni, na jina lenyewe la kampuni hiyo liliwataja Watanzania na Waitaliano pamoja, kwani kwa miaka mingi ilikuwa ubia wa Serikali yetu na kampuni ya Agip. Kazi ya kusafisha mafuta ghafi ilikoma mwishoni mwa karne iliyopita, na sasa mahali pale ni pa kuhifadhia mafuta. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, nalo lilijengwa na kampuni ya Kiitaliano.

Upande wa kaskazini, karibu na Malindi nchini Kenya, wataalamu wa Kiitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio waliweka jukwaa baharini la kurushia vyombo vya angani. Hapo ndipo chombo cha San Marco 2 kiliporushwa tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Nyuma ya mafundi wakaja watalii, na nyuma ya watalii wakaja walowezi wenye masufuria. Leo mtu akitembea Malindi asishangae kumsikia muuza maembe akitaja bei kwa Kiitaliano fasaha.

Watu hao walikuja na desturi yao ya mkahawa wa nyumba, ambao kwa lugha yao huitwa trattoria. Katika miji ya pwani ya Italia, mkahawa wa samaki mara nyingi ni mali ya familia. Mama au nyanya yuko jikoni, baba yuko kwenye hesabu, kijana wa kwanza huenda sokoni alfajiri, na binti ndiye anayepeleka sahani mezani. Jina lililo mlangoni ni jina la watu walio ndani. Mteja akipewa samaki mbovu, aibu haimwangukii meneja aliyeajiriwa kwa mkataba. Humwangukia mtu ambaye atazikwa katika mji huo huo.

Siku moja ya mwezi wa Agosti tulikula katika mkahawa wa namna hiyo upande wa Kinondoni, kando ya ufuko. Hatutautaja jina, kwa kuwa nia yetu si kuutangaza. Upepo wa kusi ulikuwa haujatulia, na bahari ilikuwa na mawimbi yenye vichwa vyeupe. Hapakuwa na orodha iliyochapwa. Palikuwa na ubao mdogo mweusi ulioandikwa kwa chaki, nao ulikuwa na vyakula vitano tu. Tuliuliza habari za kambamti. Binti wa nyumba ile, aliyezaliwa hapa na anayesema Kiswahili cha Msasani bila kukosea, alijibu kwa utulivu: "Leo hawapo. Wavuvi wetu hawakutoka jana usiku. Tungeweza kuwapa waliogandishwa, lakini baba hakubali."

Tukaletewa tambi zilizochanganywa na ngisi, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Baada ya hapo akaja changu mzima aliyebanikwa juu ya mkaa, hakutiwa kitu ila chumvi na ndimu. Mzee mwenyewe alitoka jikoni, akasimama kando ya meza, akatazama mifupa iliyobaki sahanini kama mwalimu anayesahihisha daftari, kisha akarudi alikotoka. Chakula kilikuwa kizuri mno. Bei yake, hatuna budi kusema, ilikuwa sawa na ujira wa siku kadhaa wa kibarua wa Tandika.

Tuliposhiba tulitafakari kwamba hakuna kitu mezani pale ambacho ni kigeni sana kwetu. Tambi twazijua tangu zamani, na katika mwezi wa Ramadhani hakuna nyumba ya pwani isiyozipika kwa sukari na iliki, wengine wakiongeza tui la nazi. Tofauti ni kwamba sisi tumezifanya kitu kitamu cha kufuturia, na wao wamezifanya mlo kamili wenye chumvi. Tena watu wa Venezia na sehemu nyingine za kaskazini mwa Italia hula polenta, ambayo ni ugali wa mahindi usio na tofauti kubwa na huu wetu, na huula pamoja na ngisi waliopikwa katika wino wao. Mahindi, nyanya na pilipili, ambavyo leo hatuwezi kuvitenga na jiko la Mtaliano wala la Mswahili, asili yake ni bara la Amerika, na vilivuka bahari baada ya safari ya mwaka 1492 ya Christopher Columbus, naye alikuwa mzaliwa wa Genoa. Bahari imetulisha sote kutoka chungu kimoja, ijapokuwa viungo ni mbalimbali.

Kesho yake tulivuka maji kwenda Kigamboni. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya Temeke hadi ilipofanywa wilaya yake yenyewe katikati ya miaka ya 2010, na tangu Aprili 2016 imeunganishwa na Kurasini kwa Daraja la Nyerere lenye urefu wa meta 680. Sisi tulipenda kupita kwa kivuko, kwa kuwa njia hiyo hupita kando ya Soko la Samaki la Magogoni, ambalo wenyeji huliita Feri. Soko hilo lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Kabla jua halijapanda sana, hapo husikika sauti za madalali wakinadi mafungu ya samaki, na miongoni mwa wanunuzi wamo akina mama wengi wenye ndoo. Hao ndio wanaolisha viunga. Samaki anayenunuliwa Feri alfajiri hukaangwa mchana Mwananyamala, Keko au Mbagala, na jioni yuko juu ya meza ya mbao kando ya njia, amefunikwa wavu, akimngojea mfanyakazi anayerudi nyumbani na njaa yake.

Banda tulilolifikia liko karibu na mahali mitumbwi inapopandishwa nchi kavu. Nguzo zake ni za mikoko, paa lake ni nusu makuti na nusu turubai. Mama mwenye banda alikuwa akikuna nazi. Mkaza mwanawe alikuwa akipeta mchele, na mwanawe mwenyewe, ambaye ni mvuvi, alikuwa amelala juu ya nyavu baada ya kazi ya usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni. Lakini nianze kuwaambia mapema msije mkaninung'unikia: changu leo hamna. Wapo vibua, na ngisi kidogo. Pweza alikuwapo, ameshaisha."

"Na nguru je, mama?"

"Nguru atoke wapi na bahari imechafuka hivi? Vijana hawakufika mbali. Ukimwona nguru leo mahali, jua ni wa juzi. Mimi wa juzi simpiki, wanangu. Watu wananijua hapa."

Tuliposikia maneno hayo tulitazamana. Yalikuwa yale yale tuliyoyasikia jana yake upande wa pili wa bandari, kwa bei iliyokuwa mara nyingi zaidi. Hapa hapakuwa na ubao wala chaki. Orodha ya chakula ilitoka kinywani mwa mama, lakini mwandishi wake alikuwa ni yule yule, yaani bahari.

Tulikula wali wa nazi, mchuzi wa ngisi uliotiwa ndimu, na vibua vya kukaanga ambavyo ngozi yake ilivunjika kama kaki. Kulikuwa na kachumbari, na pilipili iliyosagwa na ukwaju ambayo mkaza mwana alitukumbusha kwa upole kwamba haina utani. Tulinawa mikono kwa maji ya kumiminiwa na birika, kwani bomba halijafika. Alipotuona tumemaliza, mama alitazama sahani zetu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kurudi kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi.

Ndugu wasomaji, ukweli ndio huu: kazi ya nyumba zile mbili ni moja. Zote mbili hununua kwa mvuvi zinayemfahamu. Zote mbili husema "hakuna" pale ambapo hakuna, na neno hilo ndilo dhamana kubwa kuliko zote anayoweza kupewa mla samaki. Zote mbili hufundisha watoto wao kazi hiyo kwa macho na kwa mikono, bila cheti. Tofauti iko katika mambo yanayozizunguka. Nyumba ya Kinondoni ina kuta, maji, umeme, leseni na hati ya pango. Banda la Kigamboni lina sifa njema tu. Sifa njema ni mali, lakini haizuii tingatinga.

Tusije tukadhani kwamba heshima wanayoipata wenzetu wa Italia ilishuka kutoka mbinguni. Waliitetea. Mwaka 1986, kampuni ya Kimarekani ya McDonald's ilipofungua mkahawa karibu na ngazi mashuhuri za Piazza di Spagna mjini Roma, walitokea watu waliopinga kwa kugawa sahani za tambi hadharani. Kutokana na vuguvugu hilo, lililoongozwa na mwandishi Carlo Petrini, kikazaliwa chama cha Slow Food, ambacho ilani yake ya kimataifa ilitiwa saini Paris mwaka 1989. Mwaka 2017 ufundi wa waoka piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hao waoka piza ni watu gani, tukiwatazama vizuri? Ni watu wa vibanda na vijiko vidogo vya mitaani, waliorithi moto kutoka kwa wazazi wao. Wametambuliwa kwa sababu nchi yao iliona fahari kuwataja.

Kwetu, mpishi wa namna hiyo kwanza tulimpa jina la mama ntilie, kutokana na kauli ya mteja anayenyosha sahani akisema "mama, nitilie". Baadaye likaja jina la mama lishe, ambalo lina adabu zaidi. Kubadili jina ni hatua njema. Lakini jina jipya halijampa mahali pa kusimama.

Tukumbuke yaliyotokea. Mnamo Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa ada ya shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na mama lishe wengi wakavaa vitambulisho hivyo shingoni kwa matumaini. Oktoba 2021 ikaja amri ya kuwaondoa wafanyabiashara wadogo kando ya barabara za Dar es Salaam na kuwapeleka katika maeneo yaliyotengwa. Hatusemi kwamba mji hauhitaji utaratibu. Njia ya watembea kwa miguu ni ya watembea kwa miguu, na mtaro wa maji ya mvua si mahali pa jiko. Tunachosema ni kwamba mla samaki hawezi kuhamishwa kama sanduku. Banda la samaki liko pale lilipo kwa sababu mtumbwi hufika hapo. Ukilipeleka penye soko la ghorofa, mbali na ufuko na mbali na wateja, umelibakisha jina na kuliua.

Liko na jambo la pili, nalo ni bahari yenyewe. Orodha ya chakula ikiandikwa na bahari, basi bahari masikini huandika orodha fupi. Kwa miaka mingi mwambao wetu uliteswa na uvuvi wa baruti, ingawa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilikwisha kuupiga marufuku. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, na huvunja matumbawe ambayo ndiyo malezi yao, na matumbawe yaliyovunjika hayarudi kwa msimu mmoja wala kumi. Wakazi wa Kunduchi na wa Kigamboni walizizoea sauti hizo hata mchana kweupe. Msako mkali uliofanywa tangu katikati ya miaka ya 2010 umepunguza sana uovu huo, na waliousimamia wanastahili pongezi. Lakini nyavu zenye matundu madogo na makokoro yanayokwangua nyasi za bahari bado ni adui wa kimya. Adui wa kimya hupata nafasi zaidi kuliko mwenye kelele.

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na fungu la Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na Sheria ya mwaka 1994 ikayaweka maeneo hayo chini ya usimamizi wa hifadhi za bahari. Mgeni anayevuka kwenda Mbudya kuogelea na kula samaki wa kuchoma chini ya kivuli cha makuti yafaa ajue kwamba samaki yule na matumbawe yale ni hesabu moja. Aliyekula na asilinde amekula mtaji.

Jambo la tatu ni barafu na maji. Samaki katika joto letu huanza kuharibika saa chache tu baada ya kutoka majini. Aina kama vibua na jodari, zikiachwa juani bila barafu, hufanya sumu inayowasha mdomo, kuleta wekundu mwilini na kuumiza kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa. Mama wa banda analijua jambo hili kwa uzoefu, ndiyo maana hampiki wa juzi. Lakini uaminifu wake una gharama. Siku samaki wanapobaki, yeye asiye na sanduku la barafu huwatupa na kula hasara, ambapo mkahawa wenye jokofu hupona. Hivyo ndivyo mwaminifu asiye na kitu anavyosukumwa polepole kuelekea kwenye jaribu la kuuza wa juzi.

Kwa hiyo tunayo mapendekezo, nayo hayadai mabilioni.

Kwanza, halmashauri za Kinondoni, Temeke na Kigamboni zitenge, kando ya kila diko la samaki, sehemu ndogo iliyopimwa kwa ajili ya mabanda ya chakula ya familia, na kila familia ipewe hati ya matumizi ya miaka kadhaa ambayo mtoto anaweza kuirithi. Mtu hawezi kumrithisha mwanawe mahali ambapo hata yeye mwenyewe hajui kama atalala napo kesho. Desturi ya mkahawa wa nyumba, huko Italia na hapa, inasimama juu ya jambo hilo moja la kurithishana.

Pili, mabomba ya maji safi na vyoo vifike katika sehemu hizo kabla ya kitu kingine chochote. Mji wetu umekwisha kuona kipindupindu zaidi ya mara moja, na kila kinapozuka, wa kwanza kufungiwa biashara ni mama lishe, hali maji hakuyakataa yeye, hakuletewa.

Tatu, sheria yetu inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Tungependa kuona sehemu yake ikinunua masanduku ya barafu na majiko bora. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa ikiwa wapishi wanaotumia mkaa kuliko wote, yaani hawa wa mabanda, wataachwa nje ya hesabu.

Nne, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyoko katika kila diko viwahusishe wapishi. Anayepika ndiye wa kwanza kujua kwamba changu wamekuwa wadogo mwaka huu kuliko mwaka jana. Akisikilizwa, atakataa kununua samaki wa kokoro, na kokoro lisilo na mnunuzi huoza pwani.

Kwa msafiri nasi tuna neno. Usione haya kuuliza. Mtazame samaki kabla hajaingia jikoni: macho yake yawe maangavu na yaliyojaa, mashavu yake yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi mahali pake. Uliza leo kuna nini, usiulize orodha iko wapi. Ukiambiwa hakuna unachokitaka, furahi, na ukae hapo hapo, kwani umefika kwa mtu mkweli. Kula kile alichonacho. Kisha lipa bila kupunguziwa, maana pesa ile haina safari ndefu: humlipa mvuvi, humnunulia mtoto daftari, na hununua nazi ya kesho.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenzetu wa Italia wamelifanyia kazi neno hilo, na mwenyeji wao amepona, nyumba yake imesimama, na wajukuu wake wanapokea sahani kutoka mkono ule ule wa jikoni. Wageni wetu wanakuja, kwa kivuko, kwa daraja na kwa ndege, na idadi yao haipungui. Kilichobaki ni upande wa pili wa methali. Kamati za madiwani zinapoketi kupanga matumizi ya ufuko, na ramani za hoteli mpya zikitandazwa mezani, tunaomba mtu mmoja anyoshe mkono na kuuliza mabanda ya samaki yatakaa wapi katika ramani hiyo. Swali hilo likiulizwa kwa wakati, bahari itaendelea kuandika, na viunga vyetu vitaendelea kusoma.